Mwanahisabati Aliyenyimwa Mshumaa

Katika miji na vijiji vya mkoa wetu wa Dodoma wapo hata leo wazazi, na tuseme kweli, wapo hata viongozi, wanaoamini kwamba hisabati si somo la mtoto wa kike. Kwa ajili yao, na kwa ajili ya binti anayesoma kwa mwanga wa koroboi baada ya kuteka maji na kutwanga, tumeona yafaa kukumbusha maisha ya Sophie Germain wa Ufaransa.

Alizaliwa Paris tarehe 1 Aprili, 1776, baba yake akiwa mfanyabiashara wa hariri. Mapinduzi ya Wafaransa yalipoanza mwaka 1789 alikuwa na umri wa miaka 13. Ghasia za mitaani zilimfungia nyumbani, na katika maktaba ya baba yake akasoma habari za Archimedes, mtaalamu wa kale aliyeuawa na askari wa Kirumi huku amezama katika hesabu zake. Akaazimia kuijua elimu yenye uzito kiasi hicho. Husimuliwa kwamba wazazi wake walimnyang'anya mishumaa, moto na nguo za joto ili alale. Naye alijifunika mablanketi, akawasha mishumaa aliyoificha, akasoma hadi wino ukaganda kwa baridi. Mwishowe wazazi wakasalimu amri.

Mwaka 1794 Mapinduzi hayo, yaliyohubiri uhuru na usawa, yalifungua chuo kikubwa cha uhandisi mjini Paris. Wanawake hawakuruhusiwa kuingia. Sophie alijipatia maandishi ya masomo, akapeleka kazi zake kwa Profesa Lagrange kwa jina la kiume la Le Blanc. Kwa jina hilo hilo alianza mwaka 1804 kumwandikia Gauss, bingwa wa hisabati wa Ujerumani, ambaye hakujua mpaka mwaka 1807 kwamba aliyekuwa akimheshimu ni mwanamke.

Mraba wa 3 ukijumlishwa na mraba wa 4 hupatikana mraba wa 5. Katika karne ya 17 Fermat alidai kwamba kwa vipeo vya tatu na kuendelea jambo hilo haliwezekani kamwe kwa namba za kuhesabia. Sophie alibuni njia ya kushughulikia vipeo vingi kwa pamoja badala ya kimoja kimoja. Uthibitisho kamili ulichapishwa mwaka 1995. Namba tasa kama 11, ambayo ukiizidisha kwa 2 na kuongeza 1 hupata 23, nayo tasa, huitwa kwa jina lake, na leo namba za aina hiyo husaidia kulinda siri za mawasiliano ya kompyuta.

Alichunguza pia mitikisiko. Mchanga ukimwagwa juu ya bamba la chuma linalotikiswa, hujipanga kwa michoro. Mwaka 1809 wanasayansi wa Paris walitangaza tuzo kwa atakayeeleza sababu kwa hesabu. Sophie alijaribu mwaka 1811 na 1813, akashinda mwaka 1816. Elimu ya mitikisiko ndiyo inayomwezesha mhandisi wa leo kulidhibiti daraja lisiyumbe treni inapopita. Hata hivyo kazi yake ilikuwa na makosa, ambayo wengine waliyasahihisha baadaye. Hakupungukiwa akili; alinyimwa mafunzo, na wenzake wa kujadiliana nao. Alifariki tarehe 27 Juni, 1831, kwa saratani ya matiti. Hati ya kifo ilimtaja kuwa mwenye mali tu, si mwanahisabati.

Hapa ndipo lilipo fundisho kwetu sisi makada. Mapinduzi yaliyohubiri usawa yaliacha mlango mmoja umefungwa, na hasara ikawa ya taifa zima. Nasi mwaka 1977 tulianza kutekeleza elimu ya msingi kwa wote, na mwaka 2021 Serikali ikawaruhusu wasichana waliokatizwa masomo na ujauzito warudi shuleni. Ni maamuzi mema, lakini azimio peke yake haliwashi taa. Sisi tuliokaa jamvini chuoni kabla ya kuingia shule ya Serikali tulifundishwa mapema kwamba kutafuta elimu ni faradhi kwa mwanamume na kwa mwanamke. Basi kila kamati ya shule na ikae, iwahesabu mabinti walioacha masomo kijijini pake, iulize sababu nyumba kwa nyumba, na kazi ianzie hapo.