Johannes Kepler, aliyepima mwendo wa sayari na kumtetea mama yake

Watoto wetu wa sekondari hapa Butembo na Beni hujifunza sheria za Kepler katika somo la fizikia. Wengi wanajua mahesabu yake. Wachache wanajua kwamba mtu huyu alisomea uchungaji, alifukuzwa kwa ajili ya imani yake, na mama yake alishitakiwa ulozi.

Alizaliwa tarehe 27 Desemba 1571 huko Weil der Stadt, Ujerumani. Ugonjwa wa ndui ulimharibu macho akiwa mtoto, na baba yake, askari wa kukodiwa, aliiacha jamaa. Alisoma teolojia Tübingen, lakini mwaka 1594, kabla hajamaliza, alitumwa Graz kufundisha hesabu katika shule ya Waprotestanti. Mwaka 1600 watawala waliwaamuru Waprotestanti wa mji ule waingie Kanisa Katoliki au waondoke. Kepler alikataa, akakimbilia Prague pamoja na jamaa yake.

Huko alifanya kazi na Tycho Brahe, aliyekuwa amepima nafasi za sayari kwa miaka mingi bila darubini. Brahe akafariki mwaka 1601. Wakati ule wataalamu waliamini kwamba mwendo wa sayari lazima utokane na duara kamili. Kepler alipiga mahesabu ya Mars, yakakaribia sana vipimo vya Brahe. Tofauti ilikuwa kama robo tu ya upana wa mwezi tunaouona. Angeweza kunyamaza. Lakini alijua Brahe hakosei kiasi hicho, basi akaiacha hesabu yake na kuanza upya. Mwaka 1609 alitangaza kwamba njia ya Mars ni kama duara lililobanwa kidogo.

Mwaka 1611 alizika mke wake na mtoto wao wa miaka 6. Baadaye, huko Linz, mchungaji wa kanisa lake mwenyewe la Kilutheri alimzuilia Meza ya Bwana, kwa sababu dhamiri yake haikumruhusu kutia sahihi fundisho moja. Februari 1618 alizika mtoto mwingine. Miezi mitatu baadaye, tarehe 15 Mei, alipata sheria yake ya tatu. Mwezi uleule vita vya miaka 30 vilianza.

Sheria hiyo ni hii. Jupita iko mbali na jua mara 5.2 kuliko dunia yetu. Zidisha 5.2 kwa 5.2, kisha tena kwa 5.2: unapata karibu 140.6. Tafuta namba ambayo ikizidishwa yenyewe inatoa hiyo: ni 11.86. Ndiyo miaka ambayo Jupita inatumia kulizunguka jua. Mwaka 1687 Isaac Newton alieleza sababu: jua huvuta sayari, na umbali ukiwa mara mbili, nguvu ya mvutano inabaki robo.

Mama yake, Katharina, alianza kuitwa mlozi mwaka 1615. Mwaka 1620 alikamatwa, akafungwa miezi 14. Kepler aliacha kazi yake, akasafiri hadi kwao, akachunguza maneno ya washitaki moja baada ya lingine na kuandika utetezi. Mama aliachiliwa mwaka 1621, akafariki mwaka uliofuata.

Kepler mwenyewe alifariki Regensburg tarehe 15 Novemba 1630, akiwa safarini kudai pesa alizokuwa hajalipwa. Vita viliharibu makaburi yale, na kaburi lake halijulikani.

Wapendwa, kwetu pia mtoto akifa, mara nyingi kidole kinaelekezwa kwa mama mzee asiye na mtetezi. Kepler hakukubali hesabu isiyolingana na mbingu, wala shitaka lisilo na ushahidi. Waliotorokea kwetu kwa sababu ya vita, na wajane walio katikati yetu, wanahitaji kanisa linalouliza hivyo kabla ya kuhukumu. Tusimame karibu nao.