Abdurrahman bin Auf: Aliomba kuonyeshwa soko

Miongoni mwa Maswahaba kumi waliobashiriwa Pepo, Abdurrahman bin Auf (R.A.) ndiye anayetajwa sana kila inapozungumzwa biashara. Aghalabu hutajwa kwa utajiri wake. Tunasimuliwa ngamia na dhahabu, tunasema Mashaallah, kisha kila mtu anarudi dukani kwake kulalamikia mtaji. Nionavyo, kilicho muhimu zaidi ni watu aliojuana nao, na namna alivyolilinda jina lake mbele yao.

Alizaliwa Makka katika ukoo wa Bani Zuhra, takriban miaka kumi baada ya Mwaka wa Tembo. Zamani akiitwa Abdu Amr, Mtume (S.A.W.) ndiye aliyembadilisha jina. Alikuwa katika watu wanane wa mwanzo kusilimu, akahajiri Uhabeshi, na mwaka 622 akahamia Madina mikono mitupu.

Huko Mtume (S.A.W.) alimuunganisha udugu na Saad bin Rabii, tajiri wa Kianswari. Saad akataka wagawane mali nusu kwa nusu, na hata akawa tayari kumwacha mmoja wa wakeze wawili ili mgeni amuoe eda ikiisha. Abdurrahman akamwombea baraka, akakataa vyote, akaomba jambo moja tu: aonyeshwe soko lilipo. Akaelekezwa soko la Bani Qaynuqa, akarudi na faida ya samli na jibini kavu.

Hapa wengi hukimbilia kusifu kujitegemea kwake. Ni kweli, lakini msaada hakuukataa wote. Aliacha mtaji, akachukua ujuzi wa mwenyeji. Mgeni hajui wapi bidhaa inatoka haraka wala nani anapunja mizani, mwenyeji anajua. Na anayeingia sokoni akijulikana kuwa ni ndugu wa Saad si sawa na mpita njia. Haukupita muda akaoa mwanamke wa Kianswari kwa mahari ya dhahabu uzito wa kokwa ya tende, na Mtume (S.A.W.) akamwamrisha afanye walima japo kwa mbuzi mmoja. Akawa sasa ni shemeji wa wenyeji.

Kiko kisa kingine kisichosimuliwa sana, nacho kimo katika Sahihi Bukhari, mlango wa uwakala. Abdurrahman aliandikiana mkataba na Umayya bin Khalaf, kafiri wa Makka aliyemtesa Bilal. Umayya amwangalizie mali yake Makka, naye amwangalizie Umayya ya kwake Madina. Umayya akalikataa jina la Abdurrahman kwa kuwa hakumtambua Ar-Rahman, hivyo mkataba ukaandikwa kwa jina la kale. Siku ya Badr, mwaka 624, Abdurrahman akajaribu kumnusuru Umayya. Bilal akamwona, akawaita Answari. Abdurrahman akamlalia Umayya kumkinga, lakini panga zikapenya chini yake, Umayya akauawa na yeye mwenyewe akajeruhiwa mguu.

Alitimiza alichoandika, hilo hakuna wa kumlaumu. Lakini tuone gharama yake. Vijana wetu wenye biashara ndogo siku hizi wanahimizwa kugawa kadi na kujuana na kila mkubwa mjini. Ni vizuri. Ila kila mmoja ajiulize, siku Bilal atakapotokea, atakuwa amelala juu ya nani?

Kuhusu namna ya kuuza, Imamu Ghazali katika Ihya anaeleza kwamba Abdurrahman hakukataa faida hata iwe ndogo, wala hakuuza kwa mkopo. Aliuza ngamia elfu moja kwa bei ya kununulia, akabakiwa na kamba zao tu. Kila kamba akaiuza dirhamu moja, na akaokoa chakula chao cha siku ile. Mnunuzi wa namna hiyo akiondoka, harudi peke yake.

Jina lake likafika mbali kuliko soko. Khalifa Umar alisita kuchukua jizya kwa Majusi mpaka Abdurrahman aliposhuhudia kwamba Mtume (S.A.W.) aliichukua kwa Majusi wa Hajar. Ushahidi wa mtu mmoja, mfanyabiashara, ukatosha. Mwaka 644, Umar alipowaachia watu sita wamchague khalifa, Abdurrahman alijitoa katika kinyang'anyiro, wenzake wakamkabidhi uamuzi. Kwa siku tatu aliwauliza watu mmoja mmoja mjini Madina, kisha akamtangaza Uthman.

Alifariki mwaka wa 32 Hijria, akazikwa Baqii. Aliusia kila aliyepigana Badr na bado yu hai apewe dinari 400. Walihesabiwa 100, na Khalifa Uthman mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliochukua fungu lao.