William Jennings Bryan: Aliyeitetea Biblia Mahakamani

Watoto wetu hapa Blaine wanarudi nyumbani na vitabu vya baiolojia, na wazazi wanatuuliza wawajibu nini kuhusu somo la mageuko ya viumbe. Swali hili si geni katika nchi hii. Jumapili hii tumkumbuke mtu mmoja aliyelibeba hadi mahakamani.

William Jennings Bryan alizaliwa Salem, jimbo la Illinois, tarehe 19 Machi 1860, katika nyumba ya maombi. Alikuwa wakili, kisha mbunge wa Nebraska. Chama cha Democratic kilimsimamisha kugombea urais mara tatu, mwaka 1896, 1900 na 1908, na mara zote alishindwa. Hata hivyo wakulima walimpenda, maana aliwatetea mbele ya wenye mabenki na makampuni ya reli. Mwaka 1913 akawa Waziri wa Mambo ya Nje, na mwaka 1915 akajiuzulu alipoona nchi inaelekea vitani.

Vita ile ilimtia hofu. Aliona kwamba mtoto akifundishwa kuwa mwenye nguvu huishi na mnyonge hufa, kesho hatamhurumia mnyonge.

Mwaka 1925 jimbo la Tennessee lilikataza shule za umma kufundisha kwamba mwanadamu ametokana na wanyama. Mwalimu kijana wa mji wa Dayton, John Scopes, akakubali kushtakiwa ili sheria hiyo ijaribiwe. Hapo anaingia jirani yetu: Mchungaji William Bell Riley wa kanisa la First Baptist, katikati ya Minneapolis. Umoja wa Wakristo aliouongoza ndio uliomwomba Bryan ausaidie upande wa mashtaka. Upande wa utetezi alisimama wakili mashuhuri, Clarence Darrow.

Tarehe 20 Julai kulikuwa na joto kali, na jaji akahamishia kikao uwanjani, chini ya miti. Darrow akamwita Bryan mwenyewe awe shahidi wa Biblia. Bryan angeweza kukataa, lakini alikubali. Kwa muda wa saa mbili hivi aliulizwa habari za Yona, mke wa Kaini na umri wa dunia. Mengine aliyajibu, mengine yalimkwamisha. Alikiri kwamba siku za uumbaji huenda zilikuwa vipindi virefu. Watu wakacheka.

Kesho yake Scopes alitiwa hatiani na kutozwa faini ya dola 100. Bryan alishinda kesi, ila magazeti yakamdhihaki. Jumapili, tarehe 26 Julai, alihudhuria ibada, akala chakula cha mchana, akajilaza, asiamke tena. Alikuwa na miaka 65. Hukumu ilitenguliwa mwaka 1927 kwa kosa la utaratibu, na sheria yenyewe ikafutwa mwaka 1967.

Hatumsifu kwa kila jambo. Mwaka 1924, kwenye mkutano mkuu wa chama chake, alipinga Ku Klux Klan kulaaniwa kwa jina, akihofia chama kugawanyika. Mtetezi wa wanyonge hakuwaona wanyonge wote, na sisi Waafrika hatuwezi kulipita jambo hilo kimya.

Basi tuwaambie nini watoto? Kwanza, hofu yake juu ya mnyonge ilikuwa ya kweli: kitabu chochote wasomacho, kila mtu ana thamani mbele za Mungu. Pili, sheria haikuweza kuwafanyia wazazi kazi yao. Tusiwaambie wafunge vitabu, wala tusiwakaripie wanapouliza. Tukae nao mezani, tusome nao, na pale tusipojua tuseme hatujui. Imani haivunjiki kwa neno hilo. Mtoto anayenyamazishwa nyumbani atakwenda kuuliza kwingine.

Bwana awape wazazi wetu hekima na uvumilivu. Amina.