Amanda Smith: Mama Fua Aliyetumiwa na Mungu

Kule Marekani jina Smith ni la kawaida kama Otieno au Kamau huku kwetu. Juma hili tumkumbuke Smith mmoja tu, Amanda.

Amanda alizaliwa utumwani huko Maryland mwaka 1837. Babake, Samuel Berry, mchana alifanya kazi ya bwana wake, usiku akatengeneza mafagio na mikeka ya kuuza. Shilingi kwa shilingi, kama tunavyosema, akajikomboa mwenyewe, kisha mkewe na watoto. Hebu fikiria, baba kuwanunua watoto wake mwenyewe!

Shule Amanda aliipata miezi michache tu. Alipokua, riziki yake ilikuwa kufua nguo za watu na kupiga pasi. Mume wa kwanza alienda vitani, hakurudi. Wa pili alifariki mwaka 1869. Kati ya watoto watano aliozaa, wanne walikufa, akabaki na binti mmoja, Mazie. Mwingine hapo angekata tamaa kabisa. Lakini mwaka 1868, akiwa ibadani New York, Amanda alikuwa amepokea neema ya utakaso, na hakurudi nyuma.

Basi akaanza kuhubiri. Kanisa lake wakati huo halikuwawekea wanawake mikono kuwa wachungaji, na wengine hapo ndani walimpinga waziwazi. Hakuwa na cheo wala mshahara. Hakungoja. Mwaka 1878 alivuka bahari hadi Uingereza, akaendelea mpaka India, halafu Liberia, Afrika Magharibi, alikohudumu kwa miaka kama 8.

Aliporudi kwao hakutulia. Mwaka 1893 alitoa kitabu cha maisha yake. Pesa alizopata, pamoja na akiba yake, zikaenda kwa kazi nyingine: mwaka 1899 alifungua makao ya mayatima weusi huko Harvey, karibu na Chicago. Pesa zilisumbua kila mara, lakini watoto walipokelewa. Mama aliyezika wanne akawa mama wa wengi. Alipumzika mwaka 1915, akiwa na miaka 78.

Mpendwa, yule mama fua anayebisha kwako Jumamosi, unamjua jina? Na wewe unayesema huna masomo wala cheo cha kumtumikia Mungu, Amanda naye hakuwa navyo. Anza na ulicho nacho.