George Boole: mwana wa fundi viatu aliyeiachia kompyuta kweli na uongo

Kila mara programu ya kompyuta inapoamua kati ya ndiyo na hapana, hufuata hesabu iliyoasisiwa na mwalimu aliyefariki mwaka 1864. Jina lake ni George Boole, na aina ya data yenye thamani mbili tu, kweli na uongo, huitwa buliani kwa heshima yake.

Boole alizaliwa Novemba 2, 1815, mjini Lincoln, Uingereza. Baba yake alikuwa fundi viatu aliyependa sayansi kuliko viatu, na biashara ilipodorora, kijana huyo wa miaka 16 alilazimika kufundisha ili kuitunza familia. Alipotimiza miaka 19 alifungua shule yake mwenyewe. Hakusoma chuo kikuu. Hisabati ya juu alijifunza mwenyewe vitabuni.

Mwaka 1844 Jumuiya ya Kifalme ya London ilimtunukia nishani kwa utafiti wake. Miaka mitano baadaye alivuka bahari kwenda Ireland, nchi jirani iliyokuwa ikijikongoja kutoka katika njaa kuu, akawa profesa wa kwanza wa hisabati katika Chuo cha Malkia mjini Cork. Huko, mwaka 1854, alichapisha kitabu chake kikuu kuhusu kanuni za fikra.

Wazo lake lilikuwa jepesi kulieleza. Ukichagua kondoo weupe, kisha miongoni mwao ukachagua tena walio weupe, utabaki na walewale. Katika nambari, ni 0 na 1 pekee ambazo zikizidishwa kwa zenyewe hazibadiliki. Basi Boole aliifanya 1 kuwa alama ya vyote, na 0 kuwa alama ya kutokuwepo chochote. Mwaka 1937 Mmarekani Claude Shannon alionyesha kwamba hesabu hiyo inafaa kuundia saketi za umeme, na kompyuta za kidijitali zikajengwa juu ya msingi huo.

Hata hivyo, maisha hayajibu kila swali kwa ndiyo au hapana. Ndiyo maana lugha nyingi za programu zina nali, yaani alama ya kwamba thamani haipo. Hapo ndipo ugumu unapoanza. Katika C na Python, 0 ikigeuzwa kuwa buliani huwa uongo, na nambari nyingine yoyote huwa kweli. Nali nayo iwe nini? JavaScript huichukua kama uongo inapowekwa kuwa sharti, ilhali ikiulizwa iwapo nali ni sawa na uongo, hujibu hapana. Java hukataa kabisa kuigeuza. SQL, lugha ya hifadhidata, ina jibu la tatu: haijulikani.

Tofauti hiyo si ya wataalamu pekee. Tuseme fomu ya hospitali inauliza kama mgonjwa hudhuriwa na dawa fulani. Aliyejibu hapana ametoa habari. Ambaye hakuulizwa hakutoa habari yoyote. Programu ikigeuza ukimya huo kuwa uongo, daktari ataamini kwamba dawa ni salama, na mgonjwa anaweza kulipa kwa uhai wake. Sifuri ya Boole ilisema kwamba hakuna kitu. Nali husema kwamba hakuna aliyetueleza.

Boole alimwoa Mary Everest mwaka 1855, mpwa wa George Everest, ambaye jina lake limepewa mlima mrefu kuliko yote duniani. Walijaliwa mabinti watano. Mwishoni mwa Novemba 1864 alitembea kwa miguu kwenda chuoni huku mvua ikimnyeshea, akafundisha akiwa na nguo zilizolowa. Aliugua mapafu na kufariki Desemba 8, akiwa na umri wa miaka 49. Binti wa mwisho alikuwa hajatimiza hata mwaka mmoja.

Boole amezikwa Blackrock, Cork, na maktaba ya chuo alichofundisha ina jina lake hadi leo.