MAISHA YA DAKTARI LAENNEC, NA UVIMBE MWEUSI WA FARASI

Wengi wetu tumepata kupimwa kifuani kwa chombo cha daktari kiitwacho stetoskopu. Lakini ni wachache wanaojua kwamba mtu aliyekibuni chombo hicho ndiye pia aliyeutenga na kuupa jina ugonjwa mmoja wa saratani, ambao huwapata sana farasi wa kijivu. Mtu huyo ni René Laennec wa Ufaransa. Nimeonelea vema kuandika habari zake kwa sababu mjomba wangu ni saisi huko Nairobi, na kwake nimeuona ugonjwa huo kwa macho yangu.

Laennec alizaliwa tarehe 17 Februari 1781 katika mji wa Quimper, upande wa magharibi wa Ufaransa. Mama yake alifariki yeye akiwa na umri wa miaka mitano tu. Baadaye alipelekwa mji wa Nantes kukaa kwa ami yake Guillaume, aliyekuwa daktari, na huko ndiko alikoanza kupenda kazi ya uganga.

Mwaka 1801 alikwenda Paris kusoma. Hakuwa na fedha nyingi, wala mwili wake haukuwa na nguvu, lakini alijitahidi mno. Mwaka 1803 alijipatia zawadi za kwanza katika udaktari na katika upasuaji.

Siku hizo daktari hakuwa na njia ya kuona ndani ya mtu aliye hai. Kwa hiyo walimu wa Paris waliwafundisha vijana kumtazama mgonjwa kwa makini, na akifa, kumpasua ili walinganishe dalili za nje na mambo ya ndani. Katika kazi hiyo Laennec alikuta uvimbe mweusi kama wino, mara mahali pamoja, mara umeenea hata mapafuni. Alionyesha kwamba weusi huo si sawa na ule wa kawaida unaoonekana katika tezi za mapafu, bali ni ugonjwa wa namna ya saratani. Mwaka 1804 aliwaeleza waganga wa Paris habari zake, akauita melanosi, kwa neno la Kiyunani lenye maana ya weusi. Siku hizi twauita melanoma. Dupuytren, mpasuaji mashuhuri aliyekuwa amemfundisha, alidai kwamba ugunduzi huo umetoka katika mafundisho yake. Laennec hakukubali, na mwaka 1806 maelezo yake yakachapishwa.

Hata mwaka 1816, akiwa daktari wa hospitali ya Necker, aliletewa mwanamke kijana mwenye dalili za ugonjwa wa moyo. Mwanamke huyo alikuwa mnene, na haikuwa adabu kuweka sikio kifuani pake. Basi Laennec akaviringisha karatasi ikawa kama bomba, akaweka ncha moja kifuani na nyingine sikioni. Akausikia moyo vizuri kuliko alivyopata kuusikia kwa sikio tupu. Kisha akachonga bomba la mti kwa mikono yake mwenyewe, na mwaka 1819 akatoa kitabu chake juu ya sauti za kifua.

Sasa turudi kwa farasi. Farasi wa kijivu huzaliwa na manyoya ya rangi nyingine, meusi au mekundu, kisha manyoya hayo hugeuka meupe mwaka hata mwaka, lakini ngozi ya chini hubaki nyeusi. Mwaka 2008 wataalamu wa Sweden walitambua badiliko la urithi linaloleta weupe huo, nalo ndilo linalowatia farasi hao katika hatari ya melanoma. Wengi wao wakipita umri wa miaka 15 huota vinundu vyeusi, vigumu, visivyouma mwanzoni. Huota hasa chini ya mkia, kando ya njia ya haja kubwa, midomoni, na chini ya sikio.

Mjomba wangu kila amwoshapo farasi wake mkongwe humwinua mkia na kupapasa. Mwaka jana alikuta vinundu viwili vya ukubwa wa kunde, akamwita daktari wa mifugo siku ileile. Daktari aliuliza umri, akapapasa mwili mzima, akachukua chembe kwa sindano zikatazamwe kwa hadubini. Alitueleza kwamba si kila kinundu cha farasi ni melanoma. Iko sakoidi, inayohusiana na kirusi cha ng'ombe, nayo ikichokozwa ovyo kwa kisu hurudi kubwa kuliko kwanza. Ndiyo maana lazima ijulikane kwanza ni nini.

Majibu yalipothibitisha melanoma, daktari alirudi kuvikata. Kabla ya kumpa farasi dawa ya kumtuliza, alitoa stetoskopu akasikiliza moyo na mapafu. Nikaona jinsi kazi mbili za Laennec zilivyokutana kwa mnyama mmoja: jina la ugonjwa, na chombo cha kumpimia mgonjwa.

Vinundu vikiwa vidogo hukatwa, au hugandishwa kwa baridi kali, au huchomwa sindano ya dawa ya sisiplatini. Zamani watu wengi walisema viachwe tu, maana hukua polepole. Lakini vikiachwa vyaweza kuziba njia ya haja au kuenea ndani ya mwili, na hapo tiba huwa ngumu sana.

Laennec mwenyewe hakupata bahati ya tiba. Aliugua kifua kikuu, na mwaka 1826 Mériadec, kijana wa ukoo wake aliyekuwa daktari, alimsikiliza kifua kwa chombo kilekile alichokibuni yeye. Sauti zilizosikika ni zile alizokuwa amezieleza kitabuni. Alifariki tarehe 13 Agosti mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 45. Dawa ya kifua kikuu ilipatikana zaidi ya miaka mia moja baadaye.

Wenzangu, Laennec aliweza kuutambua uvimbe mweusi, lakini kuuponya hakuweza. Sisi leo tunayo tiba, ila haifai kitu ugonjwa usipoonekana mapema. Mwenye kufuga farasi wa kijivu na amwinue mkia kila wiki, na akikuta kinundu, asingoje kikue.