Homi Bhabha: Mtaalamu aliyetafuta moto unaozaa moto

Mfugaji wa Kisauni anayenunua vifaranga vya siku moja anajua jambo ambalo wanafunzi wengi wa fizikia hawajapata kuelezwa. Kuku wa nyama anaowalisha kwa majuma machache hawamfai kwa mbegu. Hata akiwaacha watage na kuatamia, vizazi vyao havitalingana nao kwa ukuaji. Mbegu iko kwa wenye kuku wazazi, na hao nao huagiza mababu wa kuku hao kutoka ng'ambo. Wenye mbegu wakifumba mkono, banda la Kisauni hubaki tupu. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Fikra iyo hiyo, kwa upande wa nishati, ndiyo iliyomtawala Homi Jehangir Bhabha, mwanafizikia wa Bara Hindi. Yafaa walimu na wanafunzi wa pwani yetu wamfahamu, kwa mema yake na kwa yale aliyokosea.

Bhabha alizaliwa mjini Bombay tarehe 30 Oktoba, 1909, katika jamaa ya Waparsi wenye uwezo, waliohusiana kwa ndoa na akina Tata, matajiri wa viwanda. Mwaka 1927 alipelekwa Cambridge, Uingereza, kusomea uhandisi ili arejee kuhudumu katika kiwanda cha chuma cha jamaa hao. Alitii. Alifaulu mtihani wa uhandisi mwaka 1930 katika daraja la kwanza, kisha akaifuata fizikia, ambako ndiko moyo wake ulikokuwa. Mwaka 1935 alipata shahada ya uzamifu. Miaka miwili baadaye, yeye na Walter Heitler walieleza jinsi miali itokayo anga za juu inavyozaa manyunyu ya chembechembe iingiapo katika hewa ya dunia.

Mwaka 1939 alikuwa kwao likizoni vita vilipozuka Ulaya. Hakurudi Cambridge. Alifundisha Bangalore, katika idara iliyoongozwa na C. V. Raman, na huko akapata wazo lililobadili maisha yake. Mwezi Machi 1944, zaidi ya mwaka mzima kabla ya bomu la Hiroshima, aliuandikia wakfu wa akina Tata akiomba chuo cha utafiti. Hoja yake ilikuwa kwamba siku nishati ya atomu itakapoanza kutumika, India isilazimike kutafuta wataalamu ugenini. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1945. India ilipopata uhuru, Bhabha alikabidhiwa uenyekiti wa Tume ya Nishati ya Atomu mwaka 1948. Tarehe 4 Agosti, 1956 kinu cha utafiti kiitwacho Apsara kiliwaka huko Trombay, na mwaka uliofuata akafungua shule ya kuwafunza wahandisi na wanasayansi vijana.

Mpango wake mkuu aliutangaza mwaka 1954, nao ulikuwa na hatua tatu. India ilikuwa na urani kidogo, lakini mchanga wa fukwe za Kerala ulikuwa na thoriamu tele. Katika kila sehemu 1,000 za urani itokayo ardhini, takriban 7 tu ndizo ziwezazo kuwaka kwa wepesi katika kinu cha kawaida. Sehemu nyingi zilizosalia hazifai kitu mpaka zimeze nyutroni na kugeuka kuwa plutoniamu. Hatua ya kwanza ilikuwa kuwasha vinu vya kawaida na kuikusanya plutoniamu hiyo. Hatua ya pili ilikuwa kuitia katika kinu kizazi. Humo, kila kiini kinapopasuka hutoa nyutroni zaidi ya mbili: moja huendeleza moto, na nyingine humezwa na urani au thoriamu iliyozungushwa kandokando, ikawa kuni mpya. Hatua ya tatu ilikuwa kuishi kwa thoriamu.

Kinu kizazi, basi, ni kama kuku mzazi. Anakula chakula kama kuku yeyote, lakini vifaranga atakaoacha ni wengi kuliko yeye. Hata hivyo, mfano huu una mpaka wake. Kuku huangua kwa siku 21, ilhali kinu kizazi huhitaji miaka mingi kabla ya kukusanya kuni za kutosha kuwashia kinu cha pili.

Wala kizazi chenyewe si cha salama daima. Plutoniamu ndiyo kuni ya kinu, na ndiyo baruti ya bomu. Uchina ilipolipua bomu lake mwaka 1964, Bhabha aliueleza umma kwamba gharama ya silaha hizo si kubwa. Plutoniamu ya jaribio la India la mwaka 1974 ilitoka katika kinu kilichotolewa na Kanada kwa ajili ya amani. Aidha, vinu hivyo kwa kawaida hupozwa kwa sodiamu, ambayo huwaka ikikutana na hewa au maji. Kinu cha Monju, Japani, kilivuja na kushika moto mwaka 1995. Ufaransa iliamua kukifunga cha Superphénix mwaka 1997.

Bhabha hakuyaona hayo. Tarehe 24 Januari, 1966, ndege aliyoabiri ilijipigiza katika mlima Mont Blanc, wakafa watu wote 117. Kituo cha Trombay kilipewa jina lake mwaka 1967. Kinu kizazi kidogo kiliwashwa Kalpakkam mwaka 1985. Kile kikubwa, cha megawati 500, kilianza kujengwa mwaka 2004, na kazi ya kupakia kitovu chake ikaanza mwezi Machi 2024, takriban miaka 70 tangu mpango kutangazwa.

Sisi yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Ukivuka Likoni ukashika njia ya Lunga Lunga, utafika jirani na kilima cha Mrima, Kwale, ambacho udongo wake una thoriamu. Upande wa Changamwe, mitambo ya Kipevu imezalisha umeme miaka mingi kwa mafuta yaliyoletwa na meli. Mwaka 2024 wakazi wa Uyombo, Kilifi, waliandamana kupinga kinu cha nyuklia kujengwa kwao. Waliokitetea na waliokipinga wote walikuwa na haki ya kuelewa wanachokitetea au kukipinga.

Kwa maoni yangu, la kuiga kwa Bhabha ni mpangilio wake wa kazi: chuo kwanza, kinu baadaye. La kuepuka ni uamuzi uliofanywa na wachache nyuma ya pazia la siri. Mwalimu wa kidato cha nne anapofundisha mnururisho, na aanzie banda la kuku la jirani, afike Kerala, kisha arudi Mrima. Siku wenye mitambo watakapobisha hodi tena, wanafunzi wake watajua kuuliza mbegu ni ya nani, taka zitazikwa wapi, na nani atakayelinda moto huo usiku.